Mawe ya Angani na Kadi ya Kliniki



Miezi miwili iliyopita, baada ya kikao chetu cha akina mama hapa Galula, jirani yangu mmoja alibaki nyuma wakati wenzake wakikunja mikeka. Ni mama wa watoto wanne, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Aliponikaribia niliona kuwa ana jambo.

"Shikamoo, dada nesi."

"Marahaba, mdogo wangu. Watoto wazima?"

"Wazima. Dada, nilitaka kukuuliza. Ni kweli yale mawe yanakuja?"

Nilimwuliza mawe gani. Akatoa simu yake, akanisikilizisha sauti ya mtu asiyejitaja jina. Mtu huyo alisema kwamba wataalamu wamefungua darubini mpya, na kwa muda wa siku chache tu wameona mawe zaidi ya elfu mbili yanakuja kuipiga dunia, nasi tunafichwa. Jirani yangu alikuwa ameisikiliza sauti ile usiku baada ya usiku. Alikuwa amekwenda kwenye kikoba akatoa akiba yake yote, fedha za godoro na sanduku la binti yake mkubwa anayetarajiwa kwenda kidato cha kwanza, akanunua magunia mawili ya mahindi ya kuweka ndani. Mtoto wake wa mwisho alikuwa hajapelekwa kliniki kwa miezi miwili.

"Nikampime wa nini, dada," aliniambia, "kama mwaka wenyewe hauishi?"

Sikumcheka, nanyi msimcheke. Nilimwomba anipe siku chache nitafute habari kamili. Haya ninayowaandikia ndiyo niliyomweleza, kwa sababu naamini si yeye peke yake aliyekosa usingizi.

Nini hasa kilichoonekana?

Darubini yenyewe ipo kweli. Iko juu ya mlima Cerro Pachón katika nchi ya Chile, Amerika ya Kusini, mahali pakavu penye anga safi. Inaitwa Vera C. Rubin. Kioo chake kikuu kina upana wa mita 8.4, na kamera yake ndiyo kamera kubwa ya kidijitali kuliko zote duniani. Ina ukubwa wa gari dogo na uzito wa karibu tani 3. Picha yake moja inachukua eneo la anga ambalo ungeweza kupanga ndani yake miezi mpevu ipatayo 45.

Juni 23, 2025 picha za kwanza zilionyeshwa kwa watu wote. Mojawapo iliunganishwa kutoka picha 678 zilizopigwa kwa muda wa saa 7 hivi. Inaonyesha mawingu makubwa ya gesi na vumbi, ya rangi ya waridi na buluu, ambamo nyota mpya zinazaliwa. Mahali hapo hata sisi tunaweza kupaelekeza kidole. Usiku wa Julai au Agosti toka uani, tazama karibu na utosi, kusini kidogo, palipo na ule utepe wa nyota nyingi kama unga uliomwagika. Ni humo humo, ingawa kwa macho matupu huwezi kuona zile rangi. Picha nyingine ilionyesha galaksi, yaani makundi makubwa ya nyota kama hili letu, zikiwa mamilioni.

Na yale mawe? Ni kweli pia. Katika saa 10 hivi za kazi, zilizogawanywa katika siku chache, darubini hiyo iligundua mawe mapya 2,104 yanayoitwa asteroidi. Lakini sasa sikilizeni sehemu ambayo yule mtu wa kwenye simu hakuisema. Karibu yote yanalizunguka jua mbali na sisi, kati ya sayari ya Mirihi na Mshtarii, kama yalivyofanya tangu zamani. Ni 7 tu ambayo njia zake hupita jirani na njia ya dunia, na hata katika hayo 7 hakuna moja linalotuhatarisha.

Tena mawe hayo hayakuja mwaka 2025. Yalikuwapo siku zote, wakati bibi zetu wanachota maji mto Songwe na hata kabla yao. Kilichokuja mwaka 2025 ni taa. Ukiwasha taa jikoni usiku ukaona mende watano, si taa iliyowaleta.

Darubini yenye tabia ya kadi

Napenda niwaeleze jinsi darubini hii inavyofanya kazi, kwa maana ndipo lilipo somo letu la mwezi huu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilipokuwa muuguzi mpya, siku moja ya kliniki foleni ilikuwa imetoka nje hadi chini ya mwembe. Mama mmoja alimpandisha mwanawe kwenye mzani. Kilo nane na nusu. Mtoto anacheka, macho maangavu. Nikaandika, nikamwambia mama, "Mtoto mzuri," nikamwita mwingine. Sikuziangalia nukta za miezi iliyotangulia. Laiti ningaliziangalia ningaliona kwamba mwezi wa nyuma alikuwa na kilo tisa, na mwezi wa nyuma yake tisa na robo. Baada ya wiki tatu aliletwa amelegea kabisa, hawezi hata kulia. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku hiyo sijapata kusoma nukta moja peke yake. Kilo nane na nusu kwa mtoto mmoja ni kupanda, kwa mwingine ni kushuka. Bila nukta za nyuma huwezi kujua.

Darubini nyingi kubwa humfanyia kazi mtaalamu anayetaka kukichunguza kitu kimoja. Hii ya Rubin imetengenezwa kwa kazi ya kadi. Hupiga picha moja kila baada ya sekunde 40 hivi, ikahamia pembeni, ikapiga nyingine. Kwa siku tatu au nne huwa imelimaliza anga lote inaloliona, kisha huanza tena upya. Imepangiwa kufanya hivyo kwa miaka 10, hata kila mahali pa anga papigwe picha mara 800 hivi. Kompyuta huchukua picha mpya na kuilinganisha na ya zamani ya mahali pale pale. Vilivyo sawa vinafutana. Kinachobaki ndicho kilichobadilika: nyota iliyolipuka, nyota iliyofifia, au doa dogo ambalo jana lilikuwa hapa na leo liko pale. Doa linalohama namna hiyo ndilo asteroidi.

Kwa njia hiyo mambo ambayo jicho la mara moja lisingeyaona yameanza kujitokeza. Januari 2026 wataalamu walieleza habari za jiwe moja katika yale yaliyogunduliwa, walilolipa jina 2025 MN45. Upana wake ni mita 710 hivi, sawa na viwanja saba vya mpira vikipangwa kwa urefu. Jiwe hilo linazunguka kama pia, mzunguko mmoja kwa chini ya dakika 2. Mengi ya mawe makubwa ya angani ni marundo ya kokoto na changarawe zilizoshikana kwa ulegevu, na rundo la namna hiyo likizungushwa kwa kasi kubwa hutawanyika. Kwa kuwa hili halijatawanyika, wataalamu wanaona kwamba lazima liwe mwamba mmoja mgumu. Walijuaje kwamba linazunguka? Mwanga wake ulikuwa ukiongezeka na kupungua, ukiongezeka na kupungua. Kwa picha moja tu wangeona nukta, basi.

Je, jiwe haliwezi kutuangukia?

Hapo jirani yangu alinibana. "Lakini dada, Mbozi si lilianguka?"

Lilianguka, na sisi wa Mkoa wa Songwe hatuwezi kujifanya hatujui. Katika wilaya ya jirani ya Mbozi, kijiji cha Ndolezi, kuna kimondo chenye urefu wa mita 3 hivi, ambacho uzito wake unakisiwa kupita tani 10. Sehemu yake kubwa ni chuma, karibu asilimia 90, pamoja na nikeli. Wenyeji walikifahamu kabla mpima ardhi aitwaye W. H. Nott hajakitangaza kwa wageni mwaka 1930. Hakuna anayesimulia kwamba babu yake alikiona kikianguka, wala shimo lake halionekani tena, na kwa hiyo inadhaniwa kwamba kilianguka zamani sana.

Na hapa kwetu Galula kuna ushahidi wa mambo ya kale zaidi. Wanajiolojia wamelipa tabaka moja la miamba jina la Galula, na mifupa imechimbuliwa katika eneo letu. Mwaka 2017 walimtangaza dinosaria mmoja, mnyama mkubwa mla majani, wakamwita Shingopana songwensis. Hata mtoto wa darasa la kwanza anaelewa jina hilo: shingo pana, wa Songwe. Wanakadiria kwamba wanyama hao waliishi hapa kati ya miaka milioni 100 na milioni 70 iliyopita. Baadaye, yapata miaka milioni 66 iliyopita, jiwe lenye upana wa kilometa 10 hivi lilianguka mahali ambapo leo ni Mexico, na dinosaria waliokuwapo duniani kote, isipokuwa jamii ya ndege, wakatoweka.

Kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba jiwe haliwezi kuanguka. Mawe makubwa ya namna ile ni nadra mno. Madogo huja mara nyingi zaidi. Februari 15, 2013 jiwe la mita 20 hivi lilipasuka angani juu ya mji wa Chelyabinsk, Urusi. Watu zaidi ya elfu moja waliumia, wengi kwa vioo vya madirisha, na hapakuwa na mtu aliyeliona mapema, kwa maana lilitokea upande wa jua. Hata darubini ya Rubin hufanya kazi usiku tu, na jiwe linalotokea upande wa jua laweza kuipita. Lakini hatari hupungua kwa kuongeza macho yanayolinda. Kuziba masikio hakuipunguzi hata kidogo.

Tazameni mfano wa karibuni. Desemba 27, 2024 darubini nyingine iliyoko huko huko Chile iliona jiwe la mita 60 hivi, likapewa jina 2024 YR4. Hesabu za kwanza zilionyesha kwamba huenda likaipiga dunia Desemba 22, 2032. Katikati ya Februari 2025 uwezekano huo ulipanda ukafika asilimia 3 hivi, na miongoni mwa sehemu ambazo lingeweza kuangukia ilikuwamo Afrika. Hebu fikirini mtu aliyesikia habari siku ile kisha akazima redio! Angekuwa na hofu hadi leo. Wataalamu hawakuzima. Waliendelea kulitazama usiku hadi usiku, njia yake ikazidi kueleweka, na kabla ya mwezi ule kwisha uwezekano wa kuipiga dunia ulikuwa umeshuka hadi karibu na sifuri.

Tena si kutazama tu. Septemba 26, 2022 chombo cha Marekani kiitwacho DART kiligongeshwa kwa makusudi kwenye jiwe dogo liitwalo Dimorphos, ambalo hulizunguka jiwe kubwa zaidi. Mzunguko wake, uliokuwa wa karibu saa 12, ukapungua kwa zaidi ya nusu saa. Maana yake, jiwe likionekana miaka mingi kabla, huenda likasukumwa kidogo likapita pembeni. Muhimu ni kuliona mapema. Sisi wauguzi tunasema hivyo hivyo juu ya shinikizo la damu la mama mjamzito.

Mama aliyepewa jina la darubini

Kabla sijamaliza, niwajulishe kidogo Vera Rubin mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mama kama sisi. Alizaliwa Marekani mwaka 1928. Alipotaka kuendelea na masomo ya nyota, chuo kikuu cha Princeton kilikuwa hakipokei wanawake katika masomo hayo ya juu. Akasoma kwingine. Alipokuwa akitafuta udaktari wa falsafa alikuwa na watoto wadogo, akahudhuria masomo ya jioni. Hakujua kuendesha gari. Mume wake ndiye aliyempeleka, akamngoja ndani ya gari akila chakula chake cha jioni humo humo, huku wazazi wa Vera wakibaki na watoto. Alihitimu mwaka 1954, akalea watoto wanne, na wote wanne walifika hadi udaktari katika sayansi na hisabati.

Mwaka 1965 alikuwa mwanamke wa kwanza kuruhusiwa rasmi kuitumia darubini ya Palomar huko California. Kabla ya hapo wanawake waliambiwa kwamba hakuna nafasi, na sababu mojawapo ilikuwa choo! Palikuwa na choo cha wanaume tu. Vera alikata karatasi kwa umbo la sketi, akaibandika kwenye ile picha ya mwanamume mlangoni, choo cha wanawake kikapatikana.

Kazi iliyompa sifa ilikuwa kupima mwendo wa nyota ndani ya galaksi. Ilitazamiwa kwamba nyota za ukingoni ziende polepole kuliko za ndani. Yeye na mwenzake Kent Ford waliona kwamba sivyo. Za ukingoni zilikuwa zikienda kwa kasi ile ile. Hakutegemea galaksi moja. Alipima nyingine, na nyingine, hata wengi wakakubali kwamba katika galaksi kuna kitu kizito kisichoonekana kwa macho wala kwa darubini, ambacho hadi leo hakijajulikana ni nini. Alifariki mwaka 2016, na darubini ile ikapewa jina lake.

Nimewaandikia habari zake kwa ajili ya mabinti zetu. Nyumba yenye mume anayekubali kungoja ndani ya gari, na bibi anayekubali kulea, ndiyo iliyomtoa Vera Rubin. Binti akisema anapenda fizikia, tusimwambie kwamba hayo ni ya kaka zake.

Basi tufanye nini?

Kwanza, habari ya kutisha ikikufikia kwenye simu, uliza mambo matatu: nani amesema, amesema lini, na baadaye ilikuwaje? Usiipitishe kwa mwingine kabla ya kupata majibu. Habari ya siku moja ni nukta moja kwenye kadi.

Pili, msiwanyime watoto anga. Usiku usio na mwezi toeni mkeka nje, mzime taa, muwaonyeshe. Mkijaliwa nauli, wapelekeni Ndolezi wakakiguse kimondo kwa mikono yao. Umoja wa Mataifa umeiweka Juni 30 ya kila mwaka kuwa siku ya kuwaelimisha watu juu ya mawe haya, na imewahi kuadhimishwa pale pale. Mtoto aliyekigusa kimondo hatatishwa kirahisi na sauti ya kwenye simu.

Tatu, hofu ya mambo ya mbali isituondolee macho kwenye mambo ya karibu. Hili ndilo lililonihuzunisha zaidi kwa jirani yangu. Alhamisi iliyofuata alimleta kliniki yule mtoto wake wa mwisho. Nilimpima mara mbili, nikitumaini kwamba mzani umekosea. Nukta ilikuwa imeshuka, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe. Akapimwa damu, akakutwa na malaria, pengine ya siku nyingi. Alipewa dawa, tukazungumza na mama yake juu ya uji wenye karanga na kumlisha mara kwa mara. Mama alikaa kwenye benchi na kadi mkononi akinyoosha kidole kwenye ule mstari, hasemi neno.

Magunia mawili ya mahindi aliyauza kwa hasara. Fedha iliyobaki ameirudisha kwenye kikoba, na wenzake wamekubali kumkopesha ya godoro. Sanduku bado. Binti yake alipoisikia habari ya sketi ya karatasi alicheka sana, kisha akaniuliza kama darubini ile inaiona Galula. Nikamwambia hapana, inatazama juu. Akasema atakwenda kuiona yeye.

Juzi mtoto mdogo alirudi kupimwa. Nukta imepanda kidogo, ingawa haijafika mahali pake. Mama yake alitaka nimwambie kama sasa amepona kabisa. Nilimwambia ukweli: hatuwezi kujua kwa nukta moja. Tutatazama tena mwezi ujao.